Adams Wawili na Tezi Moja

Kuna Adams wawili kwenye stori hii, na hawajuani.

Wa kwanza ni Abdul Habib Adam. Huyu ndiye aliyejenga lile jumba la maduka la Ngong Road ambalo makanga hulitaja mchana kutwa: "Adams! Wa Adams shukeni!" Ilikuwa miaka ya 1950, na Nairobi haikuwa imezoea kuona maduka mengi yamekaa pamoja namna hiyo nje ya katikati ya mji. Wa pili ni John Adams, daktari mpasuaji wa London Hospital, Uingereza. Mwaka 1853 aliandika kisa cha mgonjwa ambaye tezi yake, ile iliyo chini ya kibofu cha mkojo, ilitazamwa kwa hadubini na kukutwa na saratani. Wanaoandika historia ya tiba hukitaja kisa hicho kuwa cha kwanza kuthibitishwa kwa njia hiyo. Adams aliongeza jambo moja: kwamba ugonjwa huu ni nadra sana.

Mwaka 2020, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba wanaume zaidi ya milioni 1.4 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo huo, kwa mwaka mmoja. Kenya pekee walikuwa zaidi ya 3,000, na hakuna saratani nyingine inayogunduliwa kwa wanaume wetu mara nyingi kuliko hii. Sasa, John Adams hakudanganya. Aliandika alichokiona, katika mji ambao wanaume wengi walikufa kabla ya kuzeeka, na waliozeeka wakafa kwa "kuziba mkojo" bila mtu kupeleka kipande cha tezi kwenye hadubini.

Naanza na yeye kwa sababu mgonjwa wa leo huambiwa sentensi moja tu: tafuta habari kutoka vyanzo vya kuaminika. Ushauri mzuri, lakini ni nusu. Adams alikuwa chanzo cha kuaminika. Daktari kamili, hospitali kubwa, hadubini mkononi. Na bado ukichukua sentensi yake ukaileta Ngong Road leo, utazika watu. Kila habari ya tiba ina tarehe, ina watu waliohesabiwa, na ina watu ambao hakuna aliyewahesabu. Ukijua hayo matatu, unajua habari hiyo inamhusu mzee wako kiasi gani.

Hospitali tatu, hesabu tatu

Simama Adams Arcade ukiutazama mji. Nyuma yako kuna soko la Toi, na baada ya Toi kuna Kibra. Upande mmoja kuna Woodley, mtaa wa enzi za mkoloni. Ukipanda mathree kuelekea mjini, dakika chache tu bila jam, unafika eneo la Hospitali ya Kenyatta.

Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na jina lake lilikuwa Native Civil Hospital. Yaani hospitali ya "wenyeji". Mwaka 1952 ikapewa jina la mfalme, King George VI. Miaka miwili baadaye, 1954, ikafunguliwa European Hospital kwa ajili ya Wazungu, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Mwaka 1958 ikafunguliwa Aga Khan, iliyojengwa kwanza kwa ajili ya Waasia. Mji mmoja, hospitali tatu, na ugonjwa ulihesabiwa kulingana na mlango uliopitia.

Katika mji huo alikuwapo mwanapatholojia aliyeitwa F. W. Vint, mtu wa maabara ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1935 jarida la Lancet lilichapisha makala yake kuhusu uvimbe wa saratani kwa "wenyeji wa Kenya". Ni moja kati ya maandishi ya mapema zaidi tuliyonayo juu ya saratani nchini. Mwaka uliotangulia, 1934, Vint huyo huyo alikuwa amechapisha makala nyingine, hii ikidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya una uzito mdogo kuliko wa Mzungu. Watetezi wa ubaguzi walizipenda sana namba zake.

Simtaji Vint ili tumcheke. Namtaja kwa sababu maabara yake ingeweza kuhesabu tu vile vipande vya nyama vilivyoifikia. Mzee wa Makina au wa Murang'a aliyekojoa damu miezi sita, akaumwa mgongo, akafia nyumbani, hakuwa sehemu ya hesabu yoyote. Na kwa kuwa makadirio ya matarajio ya maisha Kenya kufikia mwaka 1950 yalikuwa chini ya miaka 50, wengi hawakufika umri ambao tezi hii huanza kusumbua. Kutokana na ukimya huo kukazaliwa imani kwamba saratani hii si ya Waafrika. Imani hiyo haikuisha na ukoloni. Hata leo utasikia ikisemwa kwenye kinyozi, ati huo ni ugonjwa wa watu wa mayai na bekoni.

Jirani zetu walianza kuhesabu mapema. Kampala ilianzisha daftari lake la saratani mwanzoni mwa miaka ya 1950, likiongozwa na mwanapatholojia J. N. P. Davies wa Makerere. Kwa kuwa liliendelea kuandikwa kwa miongo mingi, pamoja na mapengo ya miaka ya vurugu, liliweza kuonyesha kitu ambacho makala moja haiwezi: visa vya saratani ya tezi dume vilipanda sana kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa karne hii. Nairobi ilipata daftari lake mwaka 2001 pale KEMRI, Mbagathi, umbali mfupi kutoka Adams. Mahesabu yake ya mwaka 2004 hadi 2008 yaliweka saratani hii mbele ya nyingine zote kwa wanaume wa Nairobi, takriban wanaume 40 kwa kila 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri.

Kumbuka tarehe: London 1853, Nairobi 2001. Kati ya hapo kuna miaka 148 ambayo karibu kila kitu "kilichojulikana" kuhusu tezi hii kilijulikana kupitia miili ya watu wengine.

Karatasi ya fundi

Sasa niingize mtu mmoja ambaye sitamtaja jina. Ni fundi wa nguo Toi, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyenishonea suruali ya shule nikiwa mdogo. Siku moja aliniita akanipa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. "Kijana, wewe ulisoma. Niangalilie hii." Nilimwambia, "Mzee, mimi niliacha chuo mwaka wa pili." Akasema, "Sasa? Si ulifika?"

Karatasi ilikuwa na herufi tatu na namba: PSA 14. Pembeni kulikuwa na nyota ndogo, na maneno kwamba kiwango cha kawaida ni 0 hadi 4. Basi. Maabara iliyompima ilimpa karatasi na risiti, bila neno lingine.

Kabla hajanipa mimi, alikuwa ameshauliza. Kwenye simu yake kulikuwa na vidio ya mtu mwenye koti jeupe aliyesema PSA ni biashara ya wazungu na aliyeigundua mwenyewe ameikataa. Kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp uliosema ukipita 10 una miezi michache. Na kulikuwa na jirani wa kibanda aliyempa magome ya mti yaliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti, akamwambia hayo yamesaidia wazee tangu zamani.

Kitu kilichonikalisha chini ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichotungwa kutoka hewani. Kila kimoja kina mzizi wa kweli, kikakatwa kutoka kwenye mzizi huo kikauzwa peke yake.

Tuanze na vidio. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, iwe nzima au mgonjwa. Watafiti wa Marekani waliisafisha kutoka kwenye tezi mwaka 1979. Mwaka 1986 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo chake kwa kufuatilia watu ambao tayari wana saratani. Mwaka 1994 ikaruhusu kitumike pia kusaidia kuigundua. Hapo biashara ikawaka, kila mzee akapimwa. Richard Ablin, aliyetangaza kupata antijeni ya tezi hii mwaka 1970, mwaka 2010 aliandika kwenye New York Times akilalamika kwamba kipimo kinatumiwa ovyo kusaka ugonjwa kwa watu wazima wenye afya. Kwa hivyo ni kweli, alilalamika. Lakini alilalamikia kupima kila mtu bila sababu. Hakusema kwamba mzee anayeamka mara tano usiku kukojoa na ana namba 14 arudi nyumbani akalale.

Namba nayo haitamki hukumu. PSA hupanda kwa saratani, na hupanda pia tezi inapotanuka kwa uzee, inaposhikwa na maambukizi, hata mtu akitoka kumwaga mbegu karibuni. Kinachoamua ni biopsi: daktari hunyofoa vipande vidogo vya tezi, na mwanapatholojia huvitazama kwa hadubini, vile vile kama enzi za John Adams. Miezi michache ya kuishi haitoki kwenye namba ya PSA peke yake, na aliyeandika ujumbe ule hakuwa na njia ya kujua.

Gome la muiri

Magome ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Mti unaitwa muiri kwa Kikuyu, Prunus africana kwa wanasayansi. Unamea kwenye milima ya Afrika, kuanzia Kamerun hadi Mlima Kenya. Jamii nyingi zilitumia gome lake kwa shida za mkojo za wazee. Katika miaka ya 1960 Wafaransa walitengeneza dawa kutoka kwa gome hilo, na kwa miongo iliyofuata maelfu ya tani yalibebwa kutoka Afrika, Kenya ikiwemo, kwenda Ulaya. Miti ilichunwa hadi ikakauka. Mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES ili isimalizwe.

Kwa hivyo mwenye kibanda hakuwa mjinga. Gome hilo limefanyiwa majaribio, na wachambuzi wa Cochrane walipoyakusanya waliona linaweza kupunguza kwa kiasi usumbufu wa tezi iliyotanuka: kuamka usiku, mkojo kutoka kwa shida. Tezi iliyotanuka kwa uzee si saratani. Ni hali mbili, katika kiungo kimoja, zenye dalili zinazofanana. Gome linaweza kumpa mzee usingizi mzuri wakati saratani inaendelea na safari yake kwenda mifupani. Hapo ndipo habari ya kweli inaua: ni kweli kuhusu ugonjwa mwingine.

Lugha yetu haisaidii. Saratani ni neno la Kiarabu, maana yake kaa, yule wa baharini, kama Wagiriki wa kale walivyouita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Hapo hakuna shida. Shida ni tezi. Tanzania wanasema tezi dume. Magazeti ya Kenya mara nyingi huandika tezi kibofu. Ukitafuta "saratani ya kibofu" kwenye simu unaletewa kibofu cha mkojo, ambacho kina saratani yake tofauti, yenye visababishi tofauti, sigara ikiwa mbele. Ukitafuta "tezi dume", kati ya kurasa za maana unaletewa wauza dawa za nguvu za kiume, kwa sababu neno "dume" limewavutia. Mzee anayesoma Kiswahili tu ana maneno mawili kwa kitu kimoja, na yote mawili yana mtego.

Nami upande wa Kiingereza nilikutana na mlango mwingine. PubMed, ile orodha kubwa ya makala za tiba, imekuwa bure tangu 1997, lakini makala nyingi zinazoorodheshwa humo zinafunguka muhtasari tu. Ukitaka nyingine, lipa dola. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za nchi kama zetu njia ya kuzisoma. Taasisi. Chuo kinaingia, hospitali inaingia. Aliyeacha chuo hana nywila, na fundi wa Toi hana kabisa. Habari iliyotafitiwa kwa miaka kumi imefungwa kwa kufuli, na vidio ya koti jeupe inajicheza yenyewe bure kwa bando la shilingi ishirini.

Mwaka 2011

Kama kuna mwaka mmoja unaoonyesha jinsi tulivyokuwa tukisikia habari za saratani, ni 2011.

Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa San Francisco, Marekani. Mwaka uliofuata alizungumza hadharani. Kwa mwanaume wa Kenya, tena kiongozi, kutaja tezi yake mbele ya kamera ilikuwa kitu kipya. Watu walimpa heshima yake. Wengine waliuliza swali ambalo lilikuwa wazi: kama waziri wa hospitali anapanda ndege, sisi tunapanda nini? Wakati huo Kenyatta ilikuwa kwa miongo mingi ndiyo hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za mionzi, na foleni yake ilijulikana.

Miezi hiyo hiyo, ng'ambo ya mpaka, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Ambilikile Mwasapile alikuwa kijijini Samunge, Loliondo, akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema kinaponya kisukari, UKIMWI, saratani. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Wakenya walikodi magari kutoka Nairobi. Wagonjwa wengine waliacha dawa zao, na wengine walifia njiani au kwenye foleni.

Ni rahisi kuwacheka waliokwenda. Lakini weka mambo hayo mawili kando kwa kando. Habari moja ilisema: saratani hii inatibika, San Francisco. Nyingine ilisema: inatibika, Samunge, kwa bei ya chai, na kwa Kiswahili. Waliopanda magari ya Loliondo walikuwa na akili zao. Walichagua habari pekee iliyokuwa ndani ya nauli yao.

Mwaka 2012 Kenya ikapata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, iliyoleta taasisi ya kitaifa na kuagiza ugonjwa uandikwe kwenye daftari. Kusema kweli, mashine zimeongezeka tangu hapo, na vituo vimefunguliwa nje ya Nairobi. Swali la habari limebaki.

Habari nzuri ya watu wengine

Kuna makala moja ambayo ukiisoma ukiwa na mzee mgonjwa unaweza kulia kwa furaha. Ni jaribio la Uingereza liitwalo ProtecT, matokeo yake ya miaka kumi yakachapishwa 2016. Wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume waligawanywa kwa kura: wengine wafanyiwe upasuaji, wengine mionzi, wengine wafuatiliwe tu kwa vipimo. Baada ya miaka kumi, takriban 99 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, kundi lolote lile. Waliofuatiliwa tu ugonjwa ulisambaa kwa wengi zaidi, lakini vifo vilikuwa karibu sawa.

Hii ni habari ya kuaminika kwa kila kipimo. Na inasaidia: inatuambia kwamba saratani nyingi za tezi hii huenda polepole, na kwamba mtu ana muda wa kuuliza maswali kabla ya kukubali kisu kinachoweza kumwachia shida ya mkojo na ya chumbani. Lakini waliohesabiwa ni nani? Ni wanaume ambao saratani yao ilinaswa mapema kwa PSA, ikiwa bado ndani ya tezi, na karibu wote walikuwa Wazungu. Hata lile jaribio kubwa la Marekani, PLCO, ambalo mwaka 2009 lilitoa majibu kuhusu faida ya kupima, lilikuwa na wanaume weusi takriban 4 kati ya 100. Na tunajua kwamba wanaume weusi wa Marekani hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe.

Hapa kwetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshatoka kwenye tezi. Ukimsomea mgonjwa wa namna hiyo ProtecT, ukamwambia "tulia, 99 kati ya 100 wanapona", umemsomea barua ya mtu mwingine. Kwake yeye historia inayomhusu zaidi ni ya Charles Huggins wa Chicago, ambaye mwaka 1941 alionyesha kwamba saratani hii inalishwa na homoni za kiume, na ukizizima inanywea hata ikiwa imesambaa. Alipewa Tuzo ya Nobel 1966. Tiba ya kuzima homoni bado inatumika, na imewapa wanaume wengi miaka ambayo hawakuitarajia.

Tarehe pia zinapigana. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilishauri PSA isitumike kuwachunguza wanaume wasio na dalili. Mwaka 2018 jopo lile lile likasema wenye miaka 55 hadi 69 wazungumze na daktari na kuamua wenyewe. Kwa hivyo vidio ya 2013 na ya 2019 zinaweza kupingana, na zote ziwe zimenukuu mamlaka moja bila kudanganya.

Maswali ya kubeba

Fundi na mimi tulikaa na hayo kwa jioni kadhaa, yeye akishona, mimi nikisoma kwa simu. Hatukuwa tunatafuta tiba. Tulikuwa tunatafuta maswali ya kwenda nayo kwa daktari wa mfumo wa mkojo, ili asikae pale akiitikia tu "ndio daktari". Alichoambiwa huko ni chake, sitakiandika. Maswali ni ya kila mtu.

Kwa habari yoyote, popote ulipoipata: inazungumzia tezi kutanuka, au saratani? Saratani iliyo ndani ya tezi, au iliyosambaa? Iliandikwa mwaka gani? Waliohesabiwa walikuwa wanaume gani? Na anayekuambia anauza nini? Hili la mwisho halihusu waganga wa nguzo za stima peke yao. Kliniki yenye mashine mpya pia ina mkopo wa kulipa.

Kwa daktari: PSA yangu ilikuwa ngapi mara ya mwisho, na lini? Je, nahitaji biopsi, na kama imefanywa, alama ya Gleason ni ngapi? Alama hii ilitokana na kazi ya Donald Gleason, mwanapatholojia wa Minneapolis, katika miaka ya 1960, na imewatia watu wengi hofu ya bure. Mtu huona 6 akadhani ni sita kwa kumi, ameshafika zaidi ya nusu. Kumbe 6 ndiyo ya chini kabisa inayotolewa kwa kawaida leo, na 10 ndiyo kali. Hata 7 ziko mbili: 3+4 ni pole kuliko 4+3, kwa sababu namba ya kwanza ndiyo inayoonyesha aina iliyoenea zaidi. Uliza ipi. Kisha uliza: nikisubiri miezi mitatu nitapoteza nini? Kama jibu ni "hakuna", tafuta maoni ya daktari wa pili. Ukiwa umeambiwa ugonjwa umesambaa, uliza pia kuhusu Nairobi Hospice, iliyopo tangu 1990 hapo hapo kwenye eneo la Kenyatta. Wengi hudhani ni mahali pa kwenda kufa. Kazi yao kubwa ni kutuliza maumivu na kukueleza mambo kwa lugha unayoelewa, na mtu anaweza kuanza kwenda mapema.

Mwanaume mweusi hushauriwa kuanza mazungumzo haya mapema kuliko wengine, karibu miaka 45, na mapema zaidi, karibu 40, kama baba na ndugu zake wameugua. Wengi wetu tunaosoma hapa hatujafika huko. Wazee wetu wamefika na kupita, na wanatupa simu zao tuwaangalilie.

Ukiangaliliwa karatasi kama ile ya fundi, usianze na namba. Muulize anaamka mara ngapi usiku. Muulize kama mgongo unauma, kama amewahi kuona damu, babake alikufa kwa nini. Andika majibu kwenye daftari, na namba ya PSA pamoja na tarehe yake. Kisha mpandisheni mathree.